Ukizamia Kivu, usipande Tshivanga siku hiyo hiyo

Futa hiyo safari ya Tshivanga, kule mlimani kwenye gorila wa Kahuzi-Biega. Ifute kwanza, halafu tuongee.

Mdogo wangu, umeandika kwamba Jumapili asubuhi mnazamia Ziwa Kivu na mitungi ya hewa kutoka ufukoni Bukavu, mchana mnakula, saa tisa mnapanda kulala huko juu ili kesho yake muone gorila. Ukauliza kombinezo gani (lile vazi la mpira la kuzamia), tochi gani, gari liachwe wapi. Umeuliza yote isipokuwa lile litakalokulaza hospitali.

Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya bahari. Hewa inayolikandamiza ni kama asilimia 85 ya ile ya Mombasa, kwa hiyo ukishuka mita 18 hapa, jedwali la baharini, lile linalomwambia mzamiaji akae chini muda gani, unalisoma kwenye mita 21. Kipimo cha kina cha mshale, vile vya zamani, nacho kinadanganya: kinaonyesha pungufu kwa karibu mita 1 na nusu. Bwana aliyeniuzia vifaa, mwenye cheti cha baharini na mdomo mrefu kuliko cheti chenyewe, nilimuuliza kuhusu haya. Akanijibu, "Maji ni maji." Kombinezo akasema ni mapambo ya Wazungu. Nikikutana naye leo nitamkabidhi bega langu la kushoto alibebe yeye.

Maana hilo la baridi nalo nilimwamini. Nyuzi 23 au 24, nani ataogopa? Lakini maji yanavuta joto la mwili haraka mara 25 kuliko hewa. Nilikaa chini mpaka meno yakawa yanagonga mpira wa kupumulia. Mwili ukipoa, mishipa ya mikono na ngozi inajibana, na nitrojeni uliyoipumua kule chini inachelewa kutoka. Nikatoka nayo, nikanywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kupasha mwili (usicheke), nikaingia garini.

Mlima ndio ulionimaliza. Nitrojeni ndani ya damu ni kama gesi ndani ya chupa ya bia ya Primus: kifuniko kikikaza huoni kitu, kikilegea mapovu yanatoka, na kupanda mlima ndiko kulegeza kifuniko. Tulipofika mji mdogo wa Miti, njiani, bega likaanza kuuma. Maumivu ya msuli unayajua, haya siyo. Yako ndani ya kiungo: ukinyoosha mkono yapo, ukikunja yapo. Nikasema ni mikanda ya mtungi. Na tukaendelea kupanda! Huko juu, zaidi ya mita 2,000, vidole vimekufa ganzi, kifungo cha shati kinanishinda, shemeji ananifungulia huku akiniuliza kasiksi ilikuwa chupa ngapi. Kituo cha afya tulichokimbilia wakanipima malaria, hawakuona kitu, wakanitundikia kinini vilevile. Nikawaeleza natoka kuzamia. Wakauliza nimemeza maji kiasi gani. Nilichohitaji ni kushushwa upesi, oksijeni tupu kwa barakoa, na chumba cha mgandamizo, kile cha kumkandamiza mzamiaji upya kwa hewa, ambacho Bukavu sikukipata. Ganzi iliisha yenyewe, polepole mno. Bega halikurudi kama zamani, na mjini wapo wanaosema nililogwa na mke wa kwanza. Sina mke wa kwanza.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na sibishani na mtu: ukizamia, unalala usawa wa ziwa. Wanaotaka kupanda ndege wanaambiwa wasubiri angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, saa 18 ukizama mara kadhaa, na mwili haujui tofauti ya ndege na barabara ya mlima. Hizo ni saa za chini kabisa. Mimi nakaa siku nzima, wanicheke wanaotaka. Hata uwanja wa ndege wa Bukavu, ule wa Kavumu, uko zaidi ya mita 200 juu ya ziwa, kabla ndege yenyewe haijaruka.

Au geuza ratiba! Gorila Jumamosi, ziwa Jumapili, usiku mnalala Bukavu. Kushuka kutoka mlimani ndipo uzamie hakuna ubaya. Safari ile ile, pesa ile ile.

Kombinezo chukua milimita 5, na kofia yake. Tochi beba mbili. La gari nimeshasahau ulitaka kujua nini. Andika hapa kwanza Jumapili usiku mnalala wapi, mengine tutaendelea.