Vitabu Vitano na Mlango Mmoja

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji wenu tulisoma nini katika mwezi wa likizo ya kiangazi, na kama tungelazimika kubaki na kitabu kimoja tu kati ya hivyo, tungebaki na kipi na kwa sababu gani. Nilisoma vitabu vitano kwa siku thelathini, na ninachobaki nacho ni Vuta n'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999. Hata hivyo, jibu hilo halitoshi, kwa kuwa siku ya kwanza ya likizo ningewajibu Rosa Mistika bila kusita, na kilichonigeuza si Vuta n'kuvute peke yake. Kilichonigeuza ni kuvisoma vitabu hivi kwa kufuatana, kimoja kikiwa bado cha moto kichwani ninapofungua kingine.

Sikuvichagua kwa mada. Nilichukua vilivyokuwa vikinisubiri: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, Utengano ya Said Ahmed Mohamed, hiyo Vuta n'kuvute, kisha Peponi, yaani tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, na mwisho Wasifu wa Siti Binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert. Nilikuwa nimefika katikati ya kitabu cha pili nilipotambua kwamba nimejikusanyia, pasipo kukusudia, hadithi za watu ambao maisha yao yaliamuliwa na wengine wao wenyewe wasiulizwe. Tangu hapo nikaanza kuweka daftari kando ya kitabu. Kila ukurasa nikaugawa safu mbili: upande huu niliandika mambo aliyoyafanya mhusika kwa hiari yake, upande ule mambo aliyofanyiwa.

Rosa Mistika nilikuwa nimeisoma nikiwa kijana wa sekondari, kwa haraka na kwa kificho, maana tulikuwa tumesikia kwamba ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku shuleni, na kitabu kilichokatazwa mtu hukisoma akikitafuta kile tu kilichokatazwa. Nakiri kwamba wakati ule sikumwona Rosa. Niliona aibu zake. Safari hii nilikwama mapema sana, pale baba yake, Zakaria, anapoipata barua ambayo kijana aitwaye Charles amemwandikia binti yake, akampiga. Kurasa hizo nilizisoma asubuhi na nikazirudia jioni. Vipigo vimejaa katika riwaya zetu, lakini hiki kina uchungu wa namna ya pekee, kwa sababu Rosa hajatenda lolote: ameandikiwa tu. Anaadhibiwa kwa kosa la kuonwa na mtu mwingine, na tangu siku hiyo anabeba somo ambalo baba yake hakujua kwamba amelifundisha, kwamba kupendwa na kupigwa ni mambo ya mlango mmoja. Zakaria alimfundisha binti yake kuwaogopa wanaume, asimfundishe kuwajua, na anapotoka nyumbani kwenda kusoma anawakuta wanaume wenye vyeo na maneno matamu, naye hana hata neno moja la kujikingia.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944, kwa hiyo riwaya hii ilipochapishwa alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba hivi, na ujana huo unasikika. Sentensi zake ni fupi, hazibembelezi wala haziombi radhi, na msimulizi hasiti kujitokeza na kusema neno lake. Mwendo huo naupenda. Ninachokilalamikia sasa, na ambacho nilipokuwa mdogo sikukiona, ni kwamba kuanzia katikati ya kitabu Rosa anapungua kuwa mtu na anazidi kuwa mfano. Misiba inamfuata mmoja baada ya mwingine kana kwamba kuna hesabu inayopaswa kukamilishwa, na safu ya pili ya daftari langu ikajaa hadi nikahitaji karatasi nyingine. Mwishoni mwandishi anawafikisha baba na binti mbele ya Mungu, washitakiane baada ya kufa. Watu wengine wanauona mwisho huo kuwa wa ajabu mno. Mimi naona ndio mahali penye ukweli mkubwa kuliko pote kitabuni, kwa kuwa hapo ndipo Rosa anapomwambia baba yake yale ambayo hakupata kumwambia wakiwa hai, na inasikitisha kwamba ilimlazimu afe ndipo apate nafasi ya kusema.

Utengano, ya mwaka 1980, inaanza karibu palepale, na laiti nisingeisoma mara tu baada ya Rosa Mistika nisingeona jambo ambalo naliona kuwa kubwa. Maksuudi naye anamfungia binti yake, Maimuna, pamoja na mkewe, Tamima. Lakini Zakaria ni mlevi asiye na kitu, na mimi miaka yote nilikuwa nikiubebesha ulevi wake lawama zote. Maksuudi ana mali, ana jina na ana heshima mbele za watu, yaani ana kila kitu ambacho Zakaria hana, na bado mlango unafungwa vilevile. Nilipofika hapo nilirudi nyuma nikafuta mstari niliokuwa nimeuandika kuhusu pombe.

Said Ahmed Mohamed ni mshairi, na hata anapoandika nathari ushairi haumwachi; anaweza kukieleza chumba mpaka ukahisi kukosa hewa. Jambo jingine analolifanya, ambalo Kezilahabi hakulifanya, ni kuwapa wanawake mipango. Bi Farashuu ana kisasi cha zamani juu ya Maksuudi, na Kazija anakitekeleza kwa kuwanasa baba na mwanawe, Mussa, kwa mtego uleule. Nilifurahi kuona wanawake wanaokaa na kupanga. Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu mpango wenyewe umenyooka mno: wahusika wanaingia na kutoka kama waliopigiwa kengele, na anayelipia kisasi hicho kwa kiasi kikubwa ni Maimuna, ambaye hakuwakosea watu hao. Anakimbia nyumbani akaishia kwa Mama Jeni, mwenye danguro, na katika sehemu hiyo nilitamani mwandishi aeleze zaidi anachokifikiri Maimuna na apunguze kueleza anachofanyiwa. Kuhusu Tamima, safu yake ya kwanza katika daftari langu ilibaki karibu tupu. Nitarudi kwake.

Vuta n'kuvute nilianza kuisoma nikiwa na wasiwasi, nikidhani nitakutana na mlango uleule kwa mara ya tatu. Na kweli upo. Yasmin ana umri wa miaka 15, na mume anayeozeshwa, Bwana Raza, ana miaka 52. Umri wao tunaambiwa mapema, na hakuna hotuba inayohitajika baada ya hapo. Tofauti hiyo ya miaka thelathini na saba inakaa kati yao katika kila chumba wanachoingia. Yasmin anatoroka, jamaa zake mwenyewe wanamkataa, na hapo ndipo hadithi inapochukua njia ambayo zile mbili hazikuichukua. Anayempokea ni Mwajuma.

Naomba nikae kidogo juu ya Mwajuma, kwa sababu ndiye aliyenifanya nibadili jibu langu. Rosa alipotoka nje alipokewa na wanaume waliokuwa wakimngoja. Maimuna alipotoka alipokewa na watu waliokuwa na haja naye. Yasmin anapokewa na rafiki. Mwajuma ni maskini, hana ukoo wa kujivunia wala baba wa kumtetea, lakini ana chumba, ana mdomo usiokwisha maneno, na ana uwezo wa kucheka ambao nilikuwa sijausikia kwa wiki mbili nzima za kusoma. Mwandishi hamgeuzi kuwa malaika. Ana mapenzi yake, ana starehe zake na ana upungufu wake, na ni kwa sababu ya hayo yote kwamba hisani yake inaaminika. Nilipofunga kitabu usiku ule nilijiuliza Rosa angekuwa wapi kama angekuwa na Mwajuma mmoja tu.

Riwaya hii haikukosa dosari. Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayepambana na utawala wa Waingereza, anapokaa na wenzake kujadili siasa, mazungumzo mara nyingine yanageuka hotuba, na mtu anahisi kwamba kila msemaji ameandaliwa zamu yake. Tena nina shaka ambayo sijaimaliza: Yasmin anapoingizwa katika harakati za Denge, je, hata hapo aliulizwa sawasawa, au alipokea kazi kwa kuwa anampenda aliyempa? Pamoja na hayo, safu yake ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote katika daftari langu. Anaamua, anakosea, anaamua tena, na mwandishi hamuui kwa kosa hilo. Filamu iliyoongozwa na Amil Shivji mwaka 2021 imewaleta wasomaji wapya kwenye kitabu hiki, na nawasihi wasiishie kwenye filamu, maana raha ya Mwajuma inahitaji kusomwa polepole.

Peponi ilikuja kunivuruga, kwa wema. Gurnah aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Baada ya yeye kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, Ida Hadjivayanis akatupatia tafsiri hii mwaka uliofuata. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anaondoka na tajiri Aziz akidhani anakwenda kwa jamaa yake, kumbe ametolewa kufidia deni la baba. Anayemfungulia jambo hilo ni Khalil, kijana mkubwa kidogo kuliko yeye aliyeletwa kwa njia hiyohiyo, naye anamsahihisha tena na tena kwamba Aziz si mjomba wake. Masahihisho hayo yana mzaha wa watoto, na ndani ya mzaha huo mna jambo la kutisha kuliko kipigo chochote nilichokisoma mwezi huu.

Nilipenda kusoma utani na mabishano ya wafanyabiashara yakiwa katika lugha ambayo watu wa namna hiyo wangeyasemea. Sehemu ya safari ya bara ni ndefu, na wapo watakaochoka nayo. Mimi sikuchoka, kwa kuwa ndiyo inayomkuza Yusuf mbele ya macho yetu. Lakini kilichonishughulisha zaidi ni bustani. Kifungo cha Yusuf kina bustani nzuri yenye ukuta, na Aziz ni mpole, hapandishi sauti. Baada ya Zakaria na Maksuudi nilikuwa nimezoea kumtambua mfungaji kwa ukali wake. Gurnah alinionyesha mfungaji unayeweza kumpenda, na nikalazimika kukubali kwamba pengine Maksuudi naye, moyoni mwake, alijiona mlinzi.

Wasifu wa Siti Binti Saad niliusoma kwa siku mbili za mwisho. Shaaban Robert anasifu kupita kiasi. Anataka Siti awe kielelezo cha kila jema, na mimi nilitamani kumwona akichoka, akigombana, akijuta. Hata hivyo Siti, aliyezaliwa mwaka 1880 na kufariki mwaka 1950, hakubuniwa na mwandishi. Alitoka shamba akiwa muuza vyungu, akajifunza kuimba, akachekwa kwa wimbo kwa sababu ya asili yake na sura yake, akajibu kwa wimbo, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sauti yake kwenye sahani za santuri. Hakungoja aulizwe. Kwa kukisoma kitabu hiki baada ya riwaya nne, niliona jambo ambalo lisingenijia kwa njia nyingine: mwanamke anaweza kutoka nje na asiangamie, na si katika ndoto za mtunzi, bali katika miaka ileile ambayo watu walikuwa wakiapa kwamba haiwezekani. Kwa hiyo misiba ya Rosa haikuwa kudura. Ilichaguliwa na Kezilahabi, na ninamheshimu kwa ujasiri wa kuichagua, ila siku hiyo ndipo Yasmin alipompita Rosa katika hesabu yangu.

Likizo imekwisha, na vitabu vinne vimerudi rafuni. Utengano bado iko mezani kwa ajili ya Tamima. Nataka kuisoma mara ya pili nikimfuata yeye peke yake, kila anapoingia na kila anaponyamaza, kwa sababu sina hakika kama safu yake ilibaki tupu kwa kuwa mwandishi alimsahau au kwa kuwa mimi, niliyekuwa na haraka ya kumfuata Maimuna barabarani, nilimpita pale alipokaa.