Usiuachie usukani gurudumu likishagusa ardhi

Ndugu yangu unayeanza urubani, mimi niliharibu ndege nikiwa nimeshatua. Naanzia hapo kwa sababu wanafunzi wengi wakiuliza kuhusu upepo wa ubavu, huuliza namna ya kugusa ardhi tu.

Ilikuwa Cessna 172, kiwanja kidogo cha pwani, mwezi wa Julai, kusi limeshika. Upepo ulikuwa noti 14 (maili 14 za baharini kwa saa), vishindo, yaani mivumo ya ghafla, vikifika 20, ukitoka kushoto kwangu kwa pembe ya digrii 60. Kitabu cha ndege hiyo kinataja noti 15 za ubavu kuwa ndizo zilizofanyiwa majaribio. Ili kupata sehemu ya upepo inayokupiga ubavuni, kwa digrii 30 unachukua nusu ya upepo, kwa 45 saba ya kumi, kwa 60 karibu tisa ya kumi. Nikapigia hesabu zile 14, nikapata 12, nikaridhika. Zile 20 zingenipa 17, na sikuzihesabu. Wewe hesabu kishindo, maana ndicho kinachoinua bawa.

Nilikuja vizuri, pua ikielekea upepo. Karibu na ardhi nikainyoosha kwa pedali ya mguu wa kulia, kwa usukani nikalaza bawa la kushoto, gurudumu la kushoto likagusa, la kulia likafuata. Nikashusha pumzi. Nikarudisha usukani katikati, nikakanyaga breki. Safu ya minazi iliyokuwa ikitukinga ikaishia hapo, na upepo ukaja wote kwa mpigo. Bawa la kushoto likanyanyuka, mkia ukashikwa kama tanga, pua ikageukia kule upepo unakotoka. Gurudumu la mbele likaingia mtaroni na propela ikapiga udongo. Abiria wangu nami tulitoka wazima, lakini injini ilibidi ifunguliwe yote, kwa sababu propela ikigonga ardhi madhara ya ndani hayaonekani kwa nje.

Basi ukishagusa, endelea kuugeuza usukani upande wa upepo, na kadiri mwendo unavyopungua uzidishe, hadi ufike mwisho wake. Hewa ikipita polepole juu ya bawa, usukani hupoteza nguvu. Pua inyooshe kwa miguu. Breki ni baadaye.

Na ukiwa bado hewani, umekanyaga pedali hadi mwisho na pua haijanyooka, upepo huo umeishinda ndege. Sukuma nguvu yote, rudisha flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) hadi digrii 20, panda, katafute njia nyingine ya kutulia au kiwanja kingine. Wako walimu wanaomnunia mwanafunzi akiamua kupanda tena. Wanakosea sana, na jambo hili huniuma kila nikilisikia.

Siku hizi hata nikiendesha kuelekea maegesho natazama mfuko wa upepo kila kona: upepo ukija kwa mbele nageuza usukani upande unakotoka, ukija kwa nyuma naugeuza upande wa pili na kuusukuma mbele. Nikishazima injini, kamba za kufungia ndege ndizo ninazoshusha kwanza, kabla ya mizigo ya abiria.