Nyumba ya mawe Lamu: utengeneze nini kabla ya kuuza

Dada, nimekupata, nyumba ya marehemu babu hapo mtaa wa Mkomani, pesa kidogo na hujui uanze na jikoni ama paa. Jikoni wachana nayo, mnunuzi atabomoa tu aweke yake. Anza juu, paa likivuja boriti zinaoza na hapo ndo bei inaanguka. Kuta zinazobanduka usipige simiti, mafundi wengi watakwambia ndo imara lakini inafungia unyevu na chumvi ndani ya mawe, piga chokaa. Zidaka, yaani vile vishubaka vya ukutani, na mlango wa nakshi usiguse kabisa, wanunuzi wengi hivyo ndo wanafuata. Mji wa kale uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hivyo kabla hujabomoa chochote pitia ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Na kama mirathi haijagawanywa muone kadhi ama wakili kwanza, hata rangi usinunue.