Kumpokea mkimbizi Kampala: anzeni kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa)

Wakongo wa Katwe na Nsambya, Wasomali wa Kisenyi, Waeritrea wa Kansanga: Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kuishi mjini na kufanya kazi. Ila aliyechagua mji hapewi shamba kama mwenzake wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kodi ya chumba inamdai tangu mwezi wa kwanza, kwa hiyo mtaa usikawie.

Barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa LC1 ndiyo ya kwanza, maana mwenye nyumba ataiuliza, na shule pia. Mambo huharibika barua inapouzwa kwa kuangalia sura. Mgeni akitozwa zaidi ya jirani yake hatarudi tena, na siku ya ugomvi kamati ya mtaa haitamjua. Bandikeni ada mlangoni, iwe moja kwa wote. Daftarini andikeni jina, idadi ya watu nyumbani, lugha wanazozungumza na simu ya jamaa mmoja. Sababu ya kukimbia kwao msiiandike. Daftari la mtaa lina macho mengi.

Chumba nacho kiwe na mkataba wa maandishi, hata cha bei ndogo. Sheria inalazimisha maandishi thamani ikizidi shilingi 500,000, na kodi ya miezi mitatu ya 200,000 imeshapita hapo. Kila malipo yawe na risiti.

Kwenye lugha ndiko wengi wanakojikwaa. Kiswahili, kwa Waganda wengi, bado kinanuka kambi ya jeshi, ingawa Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi. Halafu Kiswahili chenyewe si kimoja. Mama wa Bukavu, mji wa Kivu mashariki mwa Kongo, akisema amempeleka mtoto kwa “munganga”, anamaanisha daktari; mkalimani aliyekulia Mombasa anasikia mganga wa kienyeji, na muuguzi anaanza kufoka. Akisema mtoto hajaenda “ku masomo”, anazungumzia shule. Tafuteni mkalimani wa Kivu kwa watu wa Kivu, na msidhani kila Mkongo anakijua Kiswahili: wa Kinshasa ni wa Kilingala. Mtoto asitumiwe kutafsiri maradhi ya mamake.

Shuleni, kosa kubwa ni kumpima mtoto hesabu kwa Kiingereza. Wa miaka 12 anatupwa darasa la pili, anaona haya kukaa na wadogo, kabla ya muhula kwisha yuko sokoni anauza mayai. Mpeni hesabu zilizoandikwa kwa tarakimu tupu, kisha Kiingereza kipimwe peke yake. Mwalimu ajue pia kwamba shule za Kikongo hufuata Wafaransa: kigawanyo (namba inayogawa) huandikwa kulia, na desimali hutengwa kwa mkato, 2,5 badala ya 2.5. Hayo husahihishwa kwa kalamu nyekundu kila siku, na jibu lilikuwa sawa. Akishapangiwa darasa linalolingana na hesabu yake, saa moja ya Kiingereza kila jioni kwa muhula mzima humsaidia kuliko kurudishwa nyuma miaka minne.