Daktari Mwenyewe Tulimwona kwa Dakika Chache Tu: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Huduma za Afya ya Msingi

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninaishi na mama mkwe wangu mwenye umri wa miaka 71, ambaye ana presha na kisukari, pamoja na wifi yangu mwenye ujauzito wa miezi mitano na mwanangu wa mwaka mmoja na miezi miwili. Mwezi uliopita nilikwenda nao wote kwenye kituo cha afya cha kata yetu. Tulipokelewa na muuguzi, tukapelekwa maabara, tukarudi kwa tabibu (mtoa matibabu aliye chini ya daktari), tukaenda dirisha la dawa, kisha mama mkwe akaambiwa aonane na mtu mwingine tena wa masuala ya lishe. Daktari mwenyewe tulimwona kwa dakika chache tu, na wifi yangu hakumwona kabisa. Je, si afadhali tuwe tunakwenda moja kwa moja hospitali ya mkoa, ambako kuna madaktari bingwa? (Mama wa nyumbani, Wilaya ya Kilosa)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa siku hiyo ndefu. Kuhangaika na wagonjwa watatu, mmoja ukiwa umembeba mgongoni na mwingine akitembea polepole kwa sababu ya umri, si jambo dogo. Naomba hata hivyo tupite tena pamoja kwenye kila mlango mlioingia siku ile, kwa sababu naamini kuwa mlipata humo kitu ambacho daktari mmoja, hata awe bingwa, asingeweza kuwapa peke yake.

Nianze na mama mkwe, kwa kuwa ndiye mwenye mengi. Presha na kisukari ni maradhi ambayo mgonjwa huishi nayo kwa miaka, na katika miaka hiyo muda anaokaa mbele ya daktari ni mdogo sana ukilinganisha na muda anaokaa nyumbani akipika, akila, akilala na kukumbuka au kusahau dawa zake. Nilipokuwa nikifanya kazi katika kituo cha afya, alikuwapo mzee mmoja ambaye presha yake ilikataa kushuka. Nilimwongezea dawa mara mbili. Kila alipokuja nilimwuliza kama anakunywa dawa, akajibu kuwa anakunywa, nami nikaandika hivyo kwenye faili lake. Siku moja mhudumu wa afya ngazi ya jamii alimtembelea nyumbani, akamwomba amwonyeshe dawa zenyewe. Mzee akavuta kopo la maziwa ya unga kutoka chini ya kitanda, na ndani yake zilikuwamo bahasha sita za vidonge, nne kati yake zikiwa hazijaguswa. Alikuwa akimeza kidonge siku ambayo kichwa kinamuuma, kama alivyozoea kufanya kwa dawa ya maumivu. Hakuwa amenidanganya hata kidogo: mimi nilimwuliza kama anakunywa, naye alikuwa anakunywa.

Mhudumu yule alirudi kituoni na habari hiyo. Muuguzi akaketi na mzee pamoja na mkewe, akawaeleza kuwa presha inaweza kuwa juu bila dalili yoyote na kwamba dawa yake ni ya kila siku, hata siku ambayo mtu anajisikia mzima kabisa. Walikubaliana kuwa mkewe atampa kidonge kila asubuhi pamoja na chai. Mimi nilichokifanya ni kumpunguzia ile dozi niliyokuwa nimemwongezea, kwa sababu angeanza kuinywa yote kwa pamoja ingeweza kumshusha presha kupita kiasi. Sitasahau kopo lile. Lilinifundisha kwamba faili langu lilikuwa na maandishi mengi lakini halikuwa na ukweli, na kwamba ukweli wenyewe uliletwa na mtu ambaye kwa cheo alikuwa chini yangu mbali sana.

Kwa hiyo muuguzi akimwuliza mama mkwe wako dawa anakunywa saa ngapi na pamoja na nini, tafadhali usione kuwa ni maswali ya kupoteza muda. Akimwambia avue viatu ili atazame nyayo na katikati ya vidole, mwache atazame kwa makini, kwa kuwa mgonjwa wa kisukari anaweza kupoteza hisia miguuni na akakanyaga mwiba asubuhi bila kujua hadi kidonda kinapoanza kunuka. Na yule wa lishe hakuwekwa pale kumjazia safari. Kiasi cha ugali anachokula mama huyo, saa anayokula, na sukari anayoitia kwenye chai ni mambo yanayoweza kuishinda dawa nzuri, na yanahitaji mtu mwenye nafasi ya kukaa na kusikiliza jinsi nyumba yenu inavyokula, maana hakuna atakayempikia chakula chake peke yake kila siku.

Sasa wifi yako. Kutomwona daktari si kwamba alipuuzwa. Mkunga ndiye mtaalamu wa ujauzito unaokwenda vizuri. Amesomea kazi hiyo na anaifanya kila siku. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza mama mjamzito akutane na watoa huduma mara nane, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Katika mikutano hiyo mkunga hupima presha, hupima kimo cha mimba, husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, huhakikisha kuwa vipimo vya damu na mkojo vimefanyika, hutoa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kuzuia malaria, na zaidi ya yote hutazama kama kuna jambo lililobadilika tangu mara iliyopita. Akikuta presha imefika 140 kwa 90 au zaidi, au protini kwenye mkojo, au mama anatokwa damu, hapo ndipo humwita daktari mara moja. Nyumbani nanyi mna sehemu yenu: wifi akilalamika kuumwa kichwa kikali, kuona maruweruwe, au kuvimba uso na mikono, msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, kwa kuwa hizo zinaweza kuwa dalili za kuelekea kifafa cha mimba.

Mtoto alipimwa uzito, na yawezekana alizungushiwa mkononi utepe wenye rangi tatu. Utepe huo hupima mzingo wa mkono wa juu kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 unaangukia kwenye nyekundu, maana yake mtoto ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu bila kuchelewa. Kazi hiyo ya nusu dakika huweza kufanywa na mhudumu wa jamii chini ya mwembe, na imeokoa watoto ambao mama zao waliwaona wazima. Kadi yake itunze vizuri, kwani akifikisha miezi 18 ana chanjo ya pili ya surua na rubela.

Tena kuna jambo ambalo huonekana pale tu familia nzima inapohudumiwa na timu moja. Nyumba yenye bibi anayekunywa dawa za kisukari na mtoto anayejifunza kutembea ni nyumba yenye hatari moja mahususi, maana kidonge kimoja cha bibi kikiingia kinywani mwa mtoto kinaweza kumshusha sukari hadi akazimia. Bingwa wa watoto wa hospitali ya mkoa hajui kuwa kuna bibi, na bingwa wa kisukari hajui kuwa kuna mtoto. Muuguzi wa kata yenu amewaona wote wawili kwenye benchi moja. Wekeni dawa hizo juu, penye kufungika.

Kuhusu kwenda moja kwa moja hospitali ya mkoa: ngazi zetu za huduma, kuanzia zahanati ya kijiji, kituo cha afya cha kata na hospitali ya halmashauri hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ya kanda na ya taifa, zilipangwa hivyo kwa sababu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi yetu ilielekeza nguvu kwenye vituo vya vijijini, miaka kadhaa kabla ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliotangaza afya ya msingi kuwa njia ya dunia nzima. Na mpango wa maendeleo ya afya ya msingi wa mwaka 2007 ukalenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Mgonjwa anayefika kwa bingwa akiwa na barua ya rufaa inayoeleza dawa alizokwisha kutumia na vipimo vyake vya miezi sita hupata matibabu bora kuliko anayefika mikono mitupu na kuanza upya. Akirudi, dai mrejesho wa rufaa ulioandikwa, uupeleke kituoni, kwa sababu bila karatasi hiyo timu yenu haitajua kilichobadilishwa. Dharura ni jambo jingine. Hapo nendeni kokote kulikokaribu.

Ninachokubaliana nawe bila kusita ni kwamba mlipaswa kuelezwa. Mgonjwa asiyeambiwa kwa nini anatumwa mlango wa pili huona kuwa anazungushwa, na kosa hapo ni letu sisi watoa huduma. Mara nyingine mwulize muuguzi wa mapokezi kama kliniki ya presha na sukari, ya wajawazito na ya watoto zinaweza kupangwa siku moja kwa familia yenu. Vituo vingi huweza kulipanga hilo vikiombwa mapema.

SWALI: Mheshimiwa Daktari, katika kitongoji chetu amechaguliwa mhudumu wa afya ambaye ni binti wa jirani yangu. Anapita nyumba kwa nyumba akiuliza habari za afya. Mimi ni mtu mzima mwenye miaka 64, nina maradhi ambayo sipendi yajulikane. Nitamwaminije mtoto niliyemwona akizaliwa? (Mzee, Wilaya ya Mvomero)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hofu yako ni ya haki na sitaidharau. Mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulizinduliwa Januari 2024 ukilenga kuwapata wahudumu 137,294 katika miaka mitano, na ulipangwa makusudi kwamba wahudumu watoke palepale wanapoishi, kwa kuwa mgeni hajui nani ameacha kutoka nje, nani amefiwa, na nani anazimeza dawa zake na nani anazificha. Ukaribu huohuo ndio unaokutia wasiwasi, nami naelewa.

Yafaa ujue mambo mawili. Kwanza, binti huyo anabanwa na wajibu wa kutunza siri kama nilivyobanwa mimi, na akiivunja una haki ya kumshitaki kwa mganga mfawidhi wa zahanati anayemsimamia, ambaye anapaswa kuchukua hatua. Pili, hulazimiki kumweleza kila kitu. Unaweza kumwambia kwa heshima kuwa suala lako unalizungumza kituoni, ukamwachia akupime presha na akukumbushe tarehe ya kliniki. Kama itakupendeza zaidi, mwombe mfawidhi akupangie mhudumu wa kitongoji kingine. Nakuomba tu usimfungie mlango kabisa, kwa sababu siku utakayoshindwa kuamka kitandani, huenda yeye ndiye atakayegundua kwanza.

SWALI: Binti yangu wa miaka 12 alileta ujumbe kutoka shuleni kuwa wauguzi watakuja kutoa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Kwa nini jambo la hospitali lifanyiwe shuleni, tena kwa mtoto mdogo hivyo? (Baba, Dodoma)

JIBU: Kwa sababu binti wa umri huo si mgonjwa, na mtu asiye mgonjwa haendi hospitali. Chanjo hii huzuia kirusi cha papiloma, ambacho husababisha saratani hiyo na huambukizwa kwa kujamiiana, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa miaka mingi kabla mtu hajawa katika hatari yoyote. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaanza kutolewa dozi moja tu, kwa wasichana wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Mwalimu anajua nani yuko darasani na nani hayupo, muuguzi anajua kuchanja na kumwangalia mtoto baada ya sindano, nawe unamjua binti yako. Mkubalie, na umweleze mwenyewe nyumbani kabla ya siku hiyo, ili asiogope.

SWALI: Mimi ni muuguzi katika zahanati. Tuko wawili tu, mimi na tabibu. Tunasoma kuhusu timu zenye mfamasia, afisa ustawi wa jamii na mtaalamu wa lishe. Sisi tufanyeje? (Muuguzi, Mkoa wa Singida)

JIBU: Dada yangu, nakupa pole na heshima kwa pamoja, kwa sababu najua maana ya kuzalisha usiku na kufungua dirisha la dawa asubuhi. Upungufu wa watumishi hauzibwi kwa ushauri wa gazetini, na wanaopanga ikama, yaani idadi ya watumishi wa kila kituo, wanapaswa kulisikia hilo kutoka kwako kila robo mwaka kwa maandishi.

Ila wewe na tabibu hamko wawili kweli. Mna wahudumu wa jamii, mna mwenyekiti wa kijiji, mna mwalimu wa afya wa shule, na mna kituo cha afya ambacho kina simu. Ninachokushauri ni kimoja. Fungueni daftari la kawaida, na kila Ijumaa saa nane, kwa nusu saa, keteni wewe, tabibu na wahudumu wa jamii mlio nao, mkiandika majina ya watu ambao walipaswa kuja wiki hiyo na hawakuja: mjamzito aliyekosa tarehe, mtoto aliyekosa chanjo, mzee ambaye dawa zake zilipaswa kuwa zimekwisha. Mbele ya kila jina andikeni nani atakwenda kumwona na siku gani. Ijumaa inayofuata anzeni na majina hayohayo kabla ya kuandika mapya, na ambaye hapatikani kwa wiki mbili mpigieni simu kituo cha afya mkiwa na jina lake mkononi. Shida nyingine ambazo mtaona hamziwezi, niandikie tena, tuzitazame moja moja.