Balozi wa mafuta yetu kamtukana mama lishe. Tumtoe kwenye lebo?

Swali: Tunakamua na kufungasha mafuta ya alizeti hapa Dodoma. Mwezi wa tatu tulisaini mkataba wa mwaka mmoja na mchezaji wa mpira awe balozi wetu, na tumeshamlipa nusu. Picha yake iko kwenye mabango mawili, kwenye bajaji sita na kwenye lebo 8,000 zilizokwisha chapwa. Wiki iliyopita ilisambaa klipu akimtukana mama lishe aliyekuwa anamdai shilingi 4,000 za chakula. Kwenye magrupu ya WhatsApp watu wanaapa hawanunui tena mafuta yetu. Kaka yangu, ambaye ni mbia wangu, anataka tuvunje mkataba leo leo. Mimi naona kelele zitapita, maana hata Nike walimtumia mchezaji aliyechukiwa na wakauza zaidi. Mkataba hauna neno lolote kuhusu tabia. Tufanyeje?

Jibu: Msivunje mkataba leo, ila simamisheni matangazo leo. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na wafanyabiashara wengi huvichanganya wakiwa na hasira.

Ukivunja mkataba usio na kifungu cha maadili, wewe ndiye unayeonekana umekiuka. Meneja wake atadai nusu iliyobaki, na ana pa kusimamia. Yalinikuta mwenyewe zamani: tulishusha mabango ya mteja wetu mmoja usiku mmoja na kumwambia mchezaji kwa simu kwamba basi, imeisha. Hatukuandika hata barua. Mteja alilipa fedha yote kwa kazi ambayo haikufanyika. Kusimamisha ni rahisi zaidi, kwa kuwa mikataba mingi ya ubalozi inakupa haki ya kutumia picha bila kukulazimisha kuitumia. Soma wa kwenu neno kwa neno uone kama mliahidi kumtangaza kwa siku au matukio fulani. Kama hamkuahidi, ondoeni picha yake kwenye bajaji, funikeni mabango, na mumwandikie barua kwamba mmesitisha matumizi ya picha yake kwa muda huku mkisubiri maelezo yake.

Sasa hilo la Nike, kwa sababu naletewa kila mara. Colin Kaepernick, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, alianza kukataa kusimama wimbo wa taifa wa Marekani ulipopigwa mwaka 2016, akipinga ukatili wa polisi na ubaguzi dhidi ya watu weusi. Nike walimweka kwenye tangazo Septemba 2018, miaka miwili baadaye, wakijua fika nani angekasirika. Watu walichoma viatu mbele ya kamera. Hisa za kampuni zilishuka kama asilimia 3 siku ya kwanza ya soko, na kabla mwezi haujaisha zikafika bei ya juu kuliko wakati wowote wa nyuma. Lakini tazama walichokuwa wanakitetea: msimamo ambao wateja wao wengi, hasa vijana, waliuunga mkono. Mchezaji wenu hana msimamo wa kutetewa hapo. Amemtukana mwanamke aliyemlisha. Hakuna kundi la wateja litakalonunua mafuta kwa kumuunga mkono.

Mfano unaowafaa ni wa Tiger Woods, mcheza gofu. Mambo ya ndoa yake yalipoanikwa mwishoni mwa 2009, Accenture waliachana naye Desemba hiyohiyo, Nike wakabaki naye hadi Januari 2024. Accenture wanauza ushauri, na kwa miaka sita walikuwa wamemtumia kama sura ya mtu mwenye maamuzi mazuri. Nike walikuwa wanauza vifaa na mavazi ya gofu, na mikono yake ilikuwa bado inacheza gofu. Michael Phelps naye, yule muogeleaji, picha yake akiwa na kiko cha bangi ilipotoka mapema 2009, Kellogg, watengenezaji wa nafaka za kifungua kinywa, hawakuongeza mkataba wake. Sanduku la kifungua kinywa liko mezani mbele ya mtoto.

Kwa hiyo jiulizeni mlikuwa mnauza nini kupitia kwake. Kama lebo inasema mafuta haya ni ya jikoni kwetu, basi mmemweka jikoni mtu ambaye jikoni kwenyewe kumemkataa. Na mama lishe ndiye mnunuzi wenu! Anayechukua ndoo ya lita 20 kila wiki anawafaa kuliko watu hamsini wa kwenye grupu. Ndiyo maana sikubaliani nawe kwamba kelele zitapita zenyewe.

Hata hivyo, msipime hasara kwa WhatsApp. Wapigieni wauzaji wa jumla wa Majengo, Sabasaba na Kibaigwa, muulize ndoo ngapi zimetoka wiki hii na ngapi wiki kama hii mwezi uliopita. Angalizo moja: msimu huu wa mavuno mashine za vijijini zinakamua mfululizo na mafuta ya bei nafuu yanajaa sokoni, hivyo mauzo yangeshuka kidogo hata bila klipu. Linganisheni na muuzaji mwingine wa alizeti kabla ya kumtupia mchezaji lawama zote.

Lebo zilizoko madukani ziacheni ziuzike. Zilizoko stoo msizibandike.

Kuhusu mama yule, naomba sana msimgeuze tangazo. Mchezaji aende amlipe na amwombe radhi, bila kamera. Picha ya mama huyo akipokea dumu la mafuta yenu, hata akikubali kwa aibu ya kuzungukwa na watu, ingekuwa kumdhalilisha mara ya pili. Mkitaka kusema neno hadharani, semeni mistari miwili: mmeona, mmesitisha matangazo, hamkubaliani na alivyotendewa.

Mchezaji akijibu vizuri, kaeni mezani muandike nyongeza ya mkataba. Tajeni matendo yenyewe: kupiga, kutukana hadharani, dawa za kusisimua misuli, kupanga matokeo. Neno kama "tabia mbaya" litawaletea mabishano tu. Wekeni haki ya kusimamisha, siku 14 za kujieleza, malipo ya kila robo mwaka badala ya nusu kwa mkupuo, na nani anabeba gharama ya lebo zilizoharibika. Msiandike faini kubwa ya kutishia. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura 345, kiasi mlichotaja ni kikomo tu, na mahakama hutoa fidia inayofaa ndani yake. Naye mpeni haki kama hiyo, ajitoe endapo mafuta yenu yatakutwa na kasoro ya ubora, maana jina lake pia liko kwenye chupa.

Asipojibu barua yenu ya kusitisha ndani ya wiki mbili, mpelekeeni wakili mkataba huo pamoja na nakala ya barua na risiti ya malipo, kisha ndipo mzungumzie kuuvunja.