Tungule zinapukutisha maua: ninunue homoni au nichemshe mwani?

Swali: Nalima tungule (nyanya) Jambiani, pwani ya Unguja, kwa maji ya kisima. Kila Kaskazi ikiingia maua yanapukutika, ncha za majani zinaungua na matunda yanaoza kitako. Muuza pembejeo ananambia ninunue homoni ya kushikisha maua. Jirani anasema nichemshe mwani nipulizie. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada, pesa yako iweke kwanza. Ncha za majani kuungua kunanitia shaka na kisima. Huko pwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba; ukiyavuta kwa pampu kwa nguvu, khasa Januari na Februari, ya chini yanapanda. Vuta kidogo kidogo ujaze pipa, na upeleke chupa moja ikapimwe chumvi. Maji yakipita desisimensi 1.7 kwa mita (ndicho kipimo cha chumvi kwenye maji), mavuno ya tungule huanza kushuka. Yakifika 3.4, robo nzima imekwenda.

Kuhusu homoni: mmea una zake. Ukibanwa na joto na chumvi hutoa etilini nyingi, na hiyo ndiyo inayolegeza kikonyo mpaka ua likadondoka. Ya dukani ya kushikisha maua kwa kawaida ni oksini, homoni ya kukuza, nayo hulifanya ua lijione limeshachavushwa. Inafaa pale joto peke yake limeharibu chavua. Lakini chumvi haiondoi, na mmea usioweza kunywa maji ukaubebesha matunda zaidi, utapata vitungule vya kokoto. Ukizidisha dozi, au ikigusa vichomozo, majani hujikunja na matunda hutoka na mapengo ndani.

Kuoza kitako ni upungufu wa kalsiamu kwenye tunda. Utashangaa, maana ardhi yenu ya maweni ni chokaa tupu! Kalsiamu husafiri na maji tu; mizizi ikizingirwa na chumvi, au ukimwagilia leo na kuacha siku tatu, haifiki kwenye tunda. Ya kupulizia majani nayo haihami kutoka kwenye jani kwenda kwenye tunda. Mwagilia kila siku kwa kiasi kile kile, chini kwenye shina, na mara moja moja zidisha ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Changanya samadi iliyooza vizuri na utandaze majani makavu. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba usiyaguse, yamejaa chumvi.

Mbolea ya potasiamu ndiyo ningeinunua. Husaidia vitundu vya majani kufunga wakati wa jua kali, na sodiamu iliyomo kwenye chumvi huifukuza potasiamu hiyo kwenye mizizi. Chukua ya salfeti, si ya kloraidi. Kloraidi kisima kinakupa bure.

Jirani naye hakukosea sana. Maji ya mwani yana vichocheo kidogo vya kukua vinavyousaidia mmea kuhimili dhiki, ila lazima yapulizwe mapema, kabla ya joto kuja. Mwani wenyewe usuuzwe kwa maji ya mvua mara kadhaa kabla ya kuchemshwa, vyenginevyo utakuwa unapulizia bahari.

Ukishapima, niandikie namba uliyopata. Ikiwa chini ya 1.7 na maua bado yanadondoka, hapo ndipo tuzungumze habari ya ile chupa ya homoni.